Tupeane uzoefu: wazee waliotupigia banjo na fidla kwenye milima ya Appalachia

Mgogo wa Berea
Wadau, salamu. Tuliopitia milima ya Appalachia, kule mashariki mwa Marekani, uwe ulikwenda kusoma, kufanya kazi au kupewa makazi, naomba leo tukumbushane muziki wa kule. Simaanishi kantri ya redioni. Namaanisha ule wa kibarazani, banjo na fidla na gitaa, unaopigwa na mzee ambaye kesho yake unamkuta dukani ananunua misumari. Nafungua mimi.

Nilisoma Berea, Kentucky. Wanaokijua chuo kile wanajua: ada hulipi, ila kila mwanafunzi ana kazi yake. Yangu ilikuwa kupanga viti ukumbini. Siku moja ya Oktoba, kwenye tamasha lao la muziki wa jadi, mzee mmoja aliwahi kufika, akakaa kiti cha mwisho na kuanza kulinganisha nyuzi za fidla yake. Hakuiweka kidevuni, aliiegemeza kifuani. Akavuta upinde juu ya nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja unaimba, wa pili unavuma chini yake bila kukoma. Nilibaki nimesimama na kiti mkononi. Ile ilikuwa sauti ya zeze la babu yangu kule Bahi, jioni, ng'ombe wakirudi zizini. Nilikuwa na miezi miwili Marekani na sikuwa nimesikia kitu kinachonihusu mpaka saa ile.

Nikamsogelea. Akaitikisa fidla karibu na sikio langu, ikalia cha-cha-cha. Ndani mlikuwa na ncha ya mkia wa yule nyoka wao anayelia kama kayamba. Alisema baba yake ndiye aliyeitia, inazuia unyevu na buibui, na fidla inapata sauti. Tangu siku ile kila Alhamisi nilikwenda kwake. Hakuwahi kuniandikia noti hata moja. Anapiga, nasikiliza, anarudia, najaribu. Nikikosea hasemi kitu, anarudia tena.

Haya, leteni yenu.

Kijana wa Bomet
Yangu ni fupi. Nilikwenda Bristol, ule mji ambao barabara yake kuu upande mmoja ni Tennessee na ng'ambo ni Virginia. Pale, mwaka 1927, Ralph Peer, mtu wa kampuni ya santuri, alifunga mashine zake za kurekodi kwenye jengo la kampuni ya kofia. Ndani ya siku chache za Agosti akawarekodi Carter Family, kundi la familia ya milima ya hapo jirani, na mwimbaji Jimmie Rodgers kutoka Mississippi.

Nilipoliona jina hilo la mwisho kwenye jumba la makumbusho, machozi yalinitoka. Santuri za Rodgers zilifika kwetu Kenya, kwa Wakipsigis, enzi za ukoloni. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipokuja kurekodi Kapkatet mwaka 1950, aliwakuta wasichana wanamwimba Chemirocha, ndivyo walivyolitamka jina la Jimmie Rodgers, nusu mtu nusu swala. Nyanya yangu alilijua jina hilo kabla sijazaliwa. Nilimweleza mama wa mapokezi, akaacha kazi yake, akakaa chini, akaniomba nimwimbie. Nilimwimbia.

Mama wa Roanoke
Jambo bandugu. Sisi tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, halafu wakatuleta Roanoke, Virginia. Mwaka wa kwanza sikutoka nyumbani ila kwenda kazini na kanisani. Jirani yangu, bibi mzungu wa miaka sabini na kitu, Ijumaa moja akagonga mlango: vaa viatu vigumu, twende Floyd.

Floyd ni mji mdogo kabisa juu mlimani, mwendo kama wa saa moja. Kuna duka la zamani, na kila Ijumaa jioni watu wanapiga muziki humo humo dukani. Wanaanza na nyimbo za Injili. Hapo nilikuwa sawa, hata lugha sikuijua vizuri lakini wimbo wa Mungu unajulikana. Baadaye fidla ikachangamka, watu wakaingia katikati. Bandugu, wale wazee wanacheza na miguu tu! Juu wametulia kama wanangoja basi, chini miguu inapiga mbao za sakafu, na wengine wana vibati kwenye soli. Ni ngoma ile, ila ngoma ni sakafu. Yule bibi alinishika mkono akanionyesha: kisigino, vidole, kisigino. Watu walinipisha nafasi.

Bibi ametangulia mwaka juzi. Mtoto wangu wa tatu sasa anajifunza banjo baada ya masomo, na banjo yenyewe ni ya bibi.

Mpwani
Samahani kuuliza: banjo si chombo cha hao wazungu wa milimani?

Dereva wa Tanga
Mpwani, umeuliza jambo zuri. Banjo asili yake ni Afrika Magharibi. Wajola wa Senegambia, yaani Senegal na Gambia, wanayo akonting mpaka leo: kibuyu kimewambwa ngozi, mpini wa kijiti, na uzi mmoja mfupi wa kidole gumba. Watumwa walivuka na ujuzi huo. Mtazame mzee wa milimani anavyopiga: ukucha unashuka kwenye nyuzi, halafu gumba linadonoa ule uzi mfupi. Mjola anapiga vivyo hivyo.

Mimi naendesha lori, na Jumamosi nikiwa upande ule nalala karibu na Hiltons, Virginia, nakwenda pale kwa akina Carter, wale wale wa Carter Family. Binti yao Janette alianzisha maonyesho hayo miaka ya 1970, vyombo ni vya mkono tu, si vya umeme. Johnny Cash, mwimbaji wa kantri na mkwe wa familia, alipigia hapo mara ya mwisho Julai 2003. Lakini mtu ninayetaka mumjue ni Lesley Riddle, Mweusi, aliyepoteza mguu kwenye kiwanda cha saruji. A.P. Carter, kiongozi wa kundi, alizunguka naye vijijini kukusanya nyimbo. A.P. anaandika maneno, Riddle anashika sauti kichwani mpaka wafike nyumbani. Maybelle Carter, mpiga gitaa wa kundi, alijifunza mtindo mmoja wa kupiga gitaa kwa kumtazama yeye. Santuri zilitoka kwa jina la Carter, na mimi kila nikikaa pale namtaja Riddle kwa jirani yangu wa kiti, awe nani.

Mgogo wa Berea
Dereva, ahsante sana, Riddle sikuwa namjua.

Niongeze moja. Nilipomaliza chuo yule mzee alinipa kipande cha ulimbo wa kupaka upinde, kimefungwa kwenye kitambaa cha shati lake. Kipo. Desemba nakwenda Bahi. Zeze la babu liko kwa mjomba, upinde umekatika, lakini ameshakata mti wa kuutengeneza mwingine.