Tecomaria imejaa majani, lakini ndege chozi hawaji

Swali
Ndugu wapenda bustani, miaka 3 iliyopita nilipanda kichaka cha Tecomaria capensis, kile chenye maua ya rangi ya chungwa yaliyochongoka mithili ya tarumbeta, kwa kuwa ni mmea wa asili wa kusini na mashariki mwa Afrika na chozi wanasifika kwa kuupenda. Nimeufanya uzio, nikiukata kila mwezi na kuutilia samadi bila kukosa. Majani ni tele, ila maua ni ya kuhesabu. Je, kosa ni la mche au ni langu?

Jibu la kwanza
Mche hauna lawama. Mmea huu huchanua kwenye ncha za matawi machanga, kwa hiyo anayeukata kila mwezi huyaondoa matumba kabla hayajafunguka. Upogoe mara moja tu kwa mwaka, maua yanapokwisha, kisha uuache ujitanue, hata kama uzio utaonekana wa ovyo kidogo. Samadi nayo ipunguze, maana naitrojeni ikizidi hukuza majani badala ya maua. Ikiwa umeupanda kivulini, tafuta tawi lililogusa ardhi na kuota mizizi, ulikate na kulihamishia penye jua la kutosha.

Jibu la pili
Naafiki, ingawa maua peke yake hayatoshi. Chozi anaweza kuelea hewani kwa muda mfupi, lakini mara nyingi hunywa mbochi (maji matamu ya maua) akiwa ametua, hivyo abakiziwe vijiti imara karibu na maua. Isitoshe, makinda yake hulishwa wadudu na buibui, na utando wa buibui ndio anaofungia kiota. Anayepulizia dawa ya wadudu huku akiwasubiri chozi anajipinga mwenyewe.

Mwenye swali
Nashukuru, mkasi nimeuweka kando. Ila katika yale maua machache nimeona vitundu karibu na kikonyo. Je, ni ugonjwa?

Jibu la kwanza
Si ugonjwa, ni wizi. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na pengine hata chozi wenyewe wakishindwa kuufikia mbochi kwa mdomo, hutoboa ua upande wa chini na kunyonya bila kugusa chavua. Ua hilo huenda lisitunge mbegu, lakini kichaka hakidhuriki, na kwa kuwa unaweza kukizidisha kwa vipandikizi, hasara yako ni ndogo.