Mjadala: Watoto wetu waingie kwenye majaribio ya dawa za kuharisha, au tukatae?

Mwanzisha mada, Majengo

Kila watafiti wanapotafuta watoto kwa jaribio la dawa ya tumbo, mitaani hapa Mombasa huzuka maneno yale yale: tunajaribiwa sisi kwa sababu ni maskini, damu inachukuliwa ipelekwe ng'ambo, mumiani wamerudi. Nataka tulijadili waziwazi, na msimamo wangu nautoa mapema. Tukubali, lakini kwa masharti.

Tumbo la mtoto wa Kisauni si tumbo la mtoto wa Ulaya. Kati ya 2007 na 2009 chanjo moja ya virusi vya rota ilijaribiwa Ghana, Mali na hapa Kenya. Ulaya na Marekani chanjo hiyo hiyo ilikuwa imezuia zaidi ya asilimia 90 ya kuharisha kukali kunakoletwa na rota. Kwa watoto wa Afrika, walipofuatiliwa miaka miwili, ilizuia kama asilimia 39. Hata hiyo 39 ina uzito mkubwa, maana huku wanaougua ni wengi, na Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya rota 2014. Lakini bila kupima hapa tungebaki na hesabu ya watu wengine.

Halafu kuna antibiotiki, dawa za kuua bakteria. Nenda duka la dawa useme mtoto anaendesha: mara nyingi utapewa Flagyl ya maji na nyengine juu yake kabla hata hujaulizwa kama choo kina damu. Watafiti katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, waliwachukua watoto zaidi ya 8,000 walioharisha majimaji, waliokauka mwili au waliodhoofika kwa lishe duni. Wote walipewa ORS (ile dawa ya maji ya chumvi na sukari) na zinki. Nusu wakaongezewa antibiotiki ya azithromaisini kwa siku tatu, nusu dawa bandia, yaani inayofanana nayo lakini haina dawa ndani, ili kulinganisha. Majibu yalitoka 2021: baada ya miezi sita, vifo havikupishana kiasi cha kusema dawa ile inaokoa. Bila wale waliopewa dawa bandia, tungejuaje? Tungeendelea kuwamiminia watoto antibiotiki huku vijidudu vikizoea dawa, na siku mtoto amepata kuhara damu kweli, dawa haimfai.

Najua neno "bandia" linatisha. Mzazi anaona kama mwanawe ameachwa. Lakini hapo hakuna aliyenyimwa ORS wala zinki, tiba ambazo tayari tunajua zinafaa. Siku nikisikia jaribio linalomnyima mtoto hizo mbili, nitakuwa wa kwanza kulipinga.

Sasa masharti. Mpwa wangu alilazwa na mwanawe katika hospitali moja. Mtoto macho yameingia ndani, muuguzi akimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Mama mkono mmoja ana kikombe na kijiko cha ORS, mkono wa pili anapewa kalamu na karatasi za kurasa kadhaa. Akatia sahihi. Baadaye nikamuuliza ametia sahihi ya nini. "Nimeona kama ni ya dawa," akanijibu. Hiyo si ridhaa, ndugu zangu. Mama aelezwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwake, apewe muda, na asikie wazi kwamba akikataa mtoto atatibiwa vilevile.

Sharti la pili: majibu yaturudie. Upo utafiti wa hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi uliochapishwa 2016. Watoto karibu 1,800 waliolazwa kwa utapiamlo mkali walifuatiliwa. Nusu walipewa antibiotiki ya kotrimoksazoli (ndiyo Septrin) kila siku kwa miezi sita, nusu dawa bandia. Vifo vilikuwa asilimia 14 kwa 15. Dawa haikupunguza vifo. Watoto wa mji huu wamelijibu swali la dunia nzima. Ni nani kati yenu aliyeambiwa?

Likoni

Kaka, umesema vizuri lakini umeanzia mwisho. Mtoto ukimponya leo, kesho anarudi kunywa maji ya kisima kilichopakana na choo cha shimo. Tunasikia maji ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, sisi tunanunua mtungi kwenye mkokoteni. Katiba kifungu cha 43 inasema maji safi na salama, ya kutosha, ni haki yetu. Nipe bomba, dawa zako sitazihitaji. Mimi nasema tukatae mpaka maji yafike.

Muuguzi, Changamwe

Kuhusu kupewa muda: mtoto wa kuharisha anaweza kufa ndani ya saa chache, kwa hiyo hatuwezi kusubiri mama alale alifikirie. Lakini njia ipo. Lile jaribio la dripu la Kenya, Uganda na Tanzania lililotoa majibu 2011 liliruhusu, hali ikiwa mbaya, mzazi akubali kwanza kwa mdomo, kisha aelezwe kwa kirefu na kutia sahihi mtoto akishatulia. Jaribio lenyewe lilitufunza jambo zito: kumimina dripu kwa kasi kwa mtoto mwenye homa kali aliyeingia katika mshtuko (damu haizunguki vizuri mwilini) kuliongeza vifo (wa kuharisha hawakuwemo). Na wengi wetu tuliamini tunaokoa! Pia mjue jaribio la dawa halianzi bila kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu, na mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wakati wowote.

Mama, Kisauni

Mimi sina ubishi na utafiti. Nataka karatasi niende nayo nyumbani. Baba watoto yuko zamu ya usiku bandarini, akirudi aisome. Na nipewe namba ya kupiga nikiwa na swali.

Mwanzisha mada, Majengo

Muuguzi, utaratibu huo wa hatua mbili nauunga mkono, mradi ile hatua ya pili isisahauliwe. Mama wa Kisauni, nakala ya karatasi ni haki yako, idai.

Ndugu wa Likoni, kwenye maji niko nawe kabisa. Kukataa jaribio ndiko sikukubali. Fedha nyingi za tafiti hizi hutoka kwa wafadhili wa utafiti. Tukizikataa haziendi kwenye bomba la Likoni, zinaenda nchi nyengine, na mtoto wako ataendelea kuandikiwa dawa isiyopimwa kwa watoto kama yeye. Kaunti tuidai maji, watafiti tuwadai majibu.

Hili la majibu ndilo nataka tuendelee nalo. Ayalete nani mtaani? Mimi nasema wahudumu wa afya ya jamii, kwa sababu wao wanabisha hodi milango yetu kila siku, na walipwe kwa kazi hiyo kutoka bajeti ya utafiti wenyewe. Mwenye wazo lingine alilete.