Makongamano ya sheria na jamii vyuoni yanamsaidia nani?

Kokoto (mleta mada)
Wadau, nimetoka kwenye kongamano la chuo kimoja kuhusu ndoa za utotoni. Siku mbili nzima watoa mada wanarudia kwamba kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa. Nani hajui? Mwisho yakasomwa maazimio, tukapiga makofi. Hivi kuna mbunge anayasoma? Na wale wa sosholojia, kila mmoja anapanda, anasema "jamii ibadilike", anashuka.

Shangazi wa Dodoso
Sosholojia imekukosea nini? Nyie wa sheria mnadhani ukibadilisha namba kwenye kifungu, baba anayesubiri mahari ataanza kusoma Gazeti la Serikali. Anayekwenda kukaa na hizo familia ni nani, wewe?

Wakili wa Kijiweni
Dada, punguza povu. Kesi ya Rebeca Gyumi, yule mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu, 2015 kama sikosei, ilitamka kifungu cha 13 na cha 17, kile cha ridhaa ya wazazi, vinakiuka Katiba. Alishinda kwa ibara, hakushinda kwa dodoso.

MtuPori
Ni 2016. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa 2019. Wakili gani wewe?

Wakili wa Kijiweni
Mwaka mmoja tu ndio umekukosesha usingizi? Jibu hoja.

Shangazi wa Dodoso
Hoja gani? Kwamba binti akiolewa masomo yanakatika, mliitoa kwenye kifungu kipi? Kuna watu walitembea vijijini wakauliza, ndipo nyie mkapata cha kusimama nacho mbele ya jaji. Msitunyang'anye kazi halafu mtucheke.

Kokoto
Jamani, niliuliza kuhusu maazimio.

Mzee Barua
Maazimio hayamfungi mtu, kijana. Mahakama Kuu yenyewe iliipa serikali mwaka mmoja irekebishe vifungu hivyo. Mwaka ukaisha, rufaa ikatupwa, miaka mingine ikapita na vifungu vipo palepale. Kama hukumu inasubirishwa hivyo, sembuse karatasi ya chuo? Hiyo Sheria ya Ndoa ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Namba 1 wa 1969, wa mapendekezo ya sheria hiyo, na watu walibishana hadharani, misikitini na makanisani. Siku hizi mnabishana ukumbini, wote mnaokubaliana. Mwalikeni shehe na padri asiyekubaliana nanyi muone.

Wakili wa Kijiweni
Shikamoo mzee. Ila ukimwalika asiyekubaliana anashika maikrofoni nusu saa "kuchangia", swali halimo.

MtuPori
Hao wa nusu saa ni wahadhiri wastaafu, si mashehe.

Shangazi wa Dodoso
Sasa wastaafu nao wamekosa nini? Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuandika utafiti. Nyie mnaingia na hukumu moja mliyoisoma kurasa za mwisho tu, mnatoka vifua mbele.

Mzee Barua
Marahaba. Lakini la kumwalika mpinzani hamjalijibu.

Wakili wa Kijiweni
Mzee, tutalijibu. Kwanza dada aniambie, sosholojia mnaapishwa wapi?

Shangazi wa Dodoso
Hatuapishwi. Wewe uliapishwa kijiwe gani?