Benki za Uingereza zinacheza na kalenda, nasi tunawagawia madalali hela zetu

Wakuu mlioko Uingereza, mnaliwa mchana kweupe. Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya fedha, kwa mlalamikaji ni bure. Bure! Halafu mtu anamkatia dalali wa madai hadi asilimia 30 ya fidia, na kodi juu yake, kwa kujaza fomu ambayo angeijaza mwenyewe kwenye simu akiwa ndani ya basi.

Ila dalali ni mchawi mdogo. Mkubwa ni benki. Unapiga huduma kwa wateja, unaambiwa "tunafuatilia", wiki zinayoyoma. Usiulizie, LALAMIKA: tuma barua pepe, sema wazi kuwa ni malalamiko rasmi, taja tarehe, kiasi na unachodai. Siku wakiyapokea, saa inaanza. Wana wiki 8. Kama ni suala la malipo, kutuma hela nyumbani kukiwemo, ni siku 15 za kazi, au 35 kukiwa na sababu ya pekee. Wakipitiliza, nenda kwa msuluhishi. Ruhusa yao huihitaji.

Kinachowamaliza wengi ni barua ya jibu la mwisho. Pole zimejaa juu, chini huko kuna mstari unaosema una miezi 6. Inahesabiwa toka tarehe ya barua, si siku uliyoifungua! Ukiandika kubisha, wanakujibu kwa upole, tena na tena, hadi mwezi wa 7 unaambiwa umechelewa. Kujibizana hakusimamishi saa. Barua isiyotaja msuluhishi wala hiyo miezi 6 ndiyo haianzishi hesabu, kwa hiyo someni hadi mwisho.

Simu zilizorekodiwa? Iombe benki taarifa zako binafsi: mwezi 1, bila malipo.

Na msidhani benki inacheka tu. Faili likipokelewa kwa msuluhishi, benki inalipa ada, ishinde ishindwe: ilikuwa pauni 650 kwa mwaka 2025/26, ukitoa kesi chache za mwanzo. Kwa dai la pauni 90, pigeni hesabu wenyewe.

Anayeanza kukujibu ni mchunguzi wa ofisi ya msuluhishi, na hayo ni maoni yake tu. Hujaridhika, omba msuluhishi mwenyewe aamue. Ukiukubali uamuzi ndani ya muda uliopewa, benki imefungwa. Ukiukataa, mahakama ipo.

Nyie mnaotuma hela kwa jamaa wa WhatsApp asiye kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha Uingereza, faili lenu halitafunguliwa.