Kikundi cha Wana wa Kibosho: Sabufa ya Jumamosi

Mama Glory, saa 1:10 jioni
Wapendwa, habari za jioni. Misa ya shukrani ya Bibi ni Jumamosi, na amplifaya ya marehemu Babu haina mahali pa kuchomeka sabufa. Nyuma kuna vibano vya spika mbili, matundu ya redio na yale ya kurekodia kaseti, basi. Naomba Elibariki atueleze kazi yenyewe, na kila mmoja aseme atachangia nini.

Mama Glory, saa 1:50 jioni
Naona wengi mmesoma, lakini majibu siyaoni.

Elibariki, saa 2:35 usiku
Samahani dada, nilikuwa njiani kutoka Arusha. Matundu ya kurekodia hayafai, kwa sababu sauti hutoka pale kabla ya kupita kwenye volyumu. Mkipunguza sauti wakati wa mahubiri, spika zitatulia lakini sabufa itaendelea vilevile. Lazima tuchukue sauti baada ya volyumu. Kama tutafungua boksi, ningetanguliza aisii ndogo ya TL072, kijisakiti cha kupokea sauti na kuipitisha, ili mzigo wa waya mrefu usiguse sauti ya spika, kisha kulia na kushoto kila kimoja kipite kwenye rezista yake ya omu 10,000 kabla ya kukutana kwenye tundu jipya la RCA. Rezista hizo hazirukwi, maana pande mbili zikiunganishwa moja kwa moja kila upande unamburuza mwenzake.

Witness, saa 2:41 usiku
Ikinguruma wakati wa mahubiri, padri atadhani Kibo imeitikia amina! 😂

Mama Glory, saa 2:43 usiku
Witness, tafadhali. Elibariki, tundu hilo litatobolewa wapi, na kwa gharama gani?

Shangazi Ndeshi, saa 3:20 usiku
Kabla hamjatoboa, nawakumbusha kipaimara cha Joseph. Fundi aliyeletwa siku ile naye alisema ni kazi ndogo, amplifaya ikarudi ikivuma mpaka tukaichomoa mbele ya wageni, na zile spika nilizonunua mimi hakuna aliyezitaja tena. Nilinyamaza kwa heshima ya mama.

Joseph, saa 3:32 usiku
Shikamoo shangazi. Spika ziko stoo kwa Baba Mdogo, ila moja imechanika koni.

Shangazi Ndeshi, saa 3:33 usiku
Marahaba. Kumbe zipo miaka yote hii.

Elibariki, saa 3:40 usiku
Shangazi, mvumo wa namna ile mara nyingi ni wa umeme wa hezi 50: vifaa viwili vikishika ardhi sehemu mbili tofauti, mkondo huzunguka kwenye waya wa sauti. Safari hii vyote tutavichomeka kwenye ekstensheni moja.

Baba Mkubwa, saa 12:15 asubuhi
Nimesoma yote. Amplifaya hiyo marehemu aliinunua kwa fedha ya kahawa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila yeye kuwepo. Haitatobolewa wala haitafunguliwa. Kama kuna njia ya nje, ifuateni. Na spika za Ndeshi zirudi kwa Ndeshi.

Mama Glory, saa 1:02 asubuhi
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumepokea.

Elibariki, saa 4:10 asubuhi
Shikamoo Baba Mkubwa. Njia ya nje ipo. Zipo sabufa zinazopokea nyaya kutoka kwenye vibano vya spika. Haziielemei amplifaya kwa sababu zina amplifaya zake zenyewe ndani, na zinafuata volyumu. Chujio la sabufa, linalopitisha sauti nzito tu, nitaliweka karibu na hezi 80, ili sabufa ibebe ngoma na gitaa la besi bila kuyafunika maneno ya padri. Ila nitapima kwanza kwa mita, umeme ukiwa umechomolewa, nione kama vibano vyeusi vimeungana na bodi ya chuma. Ikiwa havijaungana, kuvikutanisha na ardhi ya sabufa kunaweza kuunguza amplifaya, na hapo sitaunganisha chochote.

Joseph, saa 4:25 asubuhi
Sabufa yangu ina matundu ya RCA peke yake.

Elibariki, saa 4:31 asubuhi
Kipimo kikikubali, nitatengeneza kisanduku kidogo cha nje: kila upande rezista ya omu 10,000 na ya omu 1,000, zipunguze volti hadi kama sehemu moja ya kumi na moja. Bado ningependa sana tupate sabufa yenye vibano vyake.

Mama Glory, saa 4:40 asubuhi
Basi Elibariki aje Alhamisi jioni apime, na Joseph alete sabufa yake endapo hatutapata nyingine. Nani ana ekstensheni ndefu yenye waya wa ardhi? Na spika za shangazi zitolewe siku hiyohiyo.

Joseph, saa 9:18 alasiri
Alhamisi niko Rombo. Sabufa naweza kuileta Ijumaa usiku. Ufunguo wa stoo anao Baba Mdogo.

Mama Glory, saa 9:20 alasiri
Baba Mdogo, shikamoo. Tunaomba jibu lako kuhusu ufunguo. Wengine, swali la ekstensheni bado liko palepale.