Tupeane uzoefu: mazoea gani ya kila siku yanalinda afya hadi uzeeni, na watu wana sehemu gani?

Mtembezi

Wadau, habari za saa hizi. Ushauri wa afya umejaa kila kona, ila mwingi unaishia kwenye "fanya mazoezi, kula vizuri, lala mapema". Anayesoma hajui aanze na dakika ngapi, na akikwama wiki ya tatu hajui kilichomkwamisha. Naomba kila mwenye ujuzi alete jambo lenye kipimo: kiasi gani, mara ngapi, na watu hukosea wapi. Visa vyetu binafsi tuviweke kando, tupeane kinachotendeka.

Naanza na kutembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mwendo wa wastani hauhitaji kifaa kuupima. Ukitembea unaweza kuongea sentensi nzima, lakini wimbo haukamiliki. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Halafu kuna hizi hatua 10,000 zinazowavunja watu moyo. Namba hiyo ilitoka kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kiliitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake wa 2019, uliofuatilia wanawake wazee wa Marekani, ulikuta waliofikisha takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliobaki kwenye 2,700, na nafuu iliendelea kuonekana hadi karibu 7,500 kisha ikatulia. Kwa hiyo anayetembea 3,000 leo asione 10,000 kama mlima. Aongeze 1,000 tu, azoee wiki mbili, ndipo aongeze tena.

Sasa kinachoua matembezi. Mara nyingi ni miadi mibovu. "Tutatoka asubuhi" si miadi. Miadi ni saa 12:15, pale kwenye mti mkubwa, na anayechelewa dakika tano anaachwa atufuate. Idadi nzuri ni watu watatu hadi watano. Mkiwa wawili, mmoja akisafiri kundi limekwisha. Mkifika kumi, wenye miguu mirefu wanatangulia, wa nyuma wanajiona mzigo, na wiki inayofuata hawaji. Mwendo uwekwe na aliye mpole kuliko wote, na wenye kasi wazunguke mara moja zaidi mwishoni. Mvua nayo ijadiliwe kabla haijanyesha: tunahamia wapi, ngazi za jengo au ukumbi? Msipokubaliana mapema, wiki moja ya mvua inageuka mwezi mzima.

KitiNaUkuta

Mkuu umesema vyema, ila kutembea peke yake hakutoshi. Mwongozo huohuo unataka mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na wenye miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya usawa wa mwili, yaani ya kutoyumba, siku 3. Hapa ndipo wengi hupuuza. Misuli hupungua kama asilimia 3 hadi 8 kila muongo baada ya miaka 30, na kasi huzidi baada ya 60. Mtu hagundui mpaka siku anaposhindwa kuinuka chooni bila kushika kitu.

Zoezi la kuanzia ni kiti. Chukua kisicho na magurudumu wala mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, kigusishe ukutani kisiteleze. Kaa nusu ya mbele. Nyayo zipanuke kama mabega na zirudi nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani, inamisha kifua mbele, simama hadi nyonga zinyooke, kisha shuka kwa hesabu ya tatu. Fanya mara 8, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara 8. Siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane. Kila wiki ongeza moja mpaka ufike 15, ndipo ukumbatie begi lenye vitabu.

Makosa ni matatu. La kwanza ni kujibwaga kitini, na hapo umepoteza nusu ya faida, maana kushuka polepole ndiko kunakofundisha misuli kukuzuia usianguke. La pili ni magoti kuegemeana kwa ndani. Mtu mwingine akisimama mbele yako ataliona mara moja, wewe huwezi. La tatu ni kubana pumzi, kunakopandisha presha ghafla. Toa pumzi unapoinuka.

Kujipima: hesabu unainuka mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mwenye miaka 60 hadi 64, chini ya 14 kwa mwanamume au chini ya 12 kwa mwanamke ni dalili kwamba nguvu za miguu ziko chini ya wastani. Andika namba hiyo ukutani pamoja na tarehe, upime tena baada ya wiki nane.

MkeshaMacho

Nyongeza kidogo kuhusu usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na kinachousimika ni saa ya kuamka kuliko saa ya kulala. Amka saa ileile hata siku ya mapumziko, toka nje upate mwanga mapema. Kafeini nusu yake hubaki mwilini baada ya takriban saa tano, hivyo kikombe cha saa kumi jioni bado kiko kazini saa tatu usiku. Pombe hukulaza haraka, kisha hukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku.

Kitu ambacho hakisemwi: kukoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini huonekana na mtu mwingine. Mwenyewe anaamka amechoka, kichwa kinauma, na anasingizia kazi. Ukimsikia mwenzako anakoroma, kimya cha sekunde kumi na zaidi, halafu anakurupuka na kuvuta hewa kwa kishindo, mrekodi kwa simu kwa idhini yake aende nayo kwa daktari. Tatizo hili lina uhusiano na presha isiyoshuka. Anayeishi peke yake amwombe ndugu alale chumba cha jirani hata usiku mmoja asikilize.

MizaniSawa

Dada @MkeshaMacho umegusa presha, nami nimalizie hapo, maana vipimo vingi vya nyumbani ni vya uongo kwa sababu ya jinsi vinavyochukuliwa.

Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Mkono ulale mezani, kiganja juu, mkanda wa kipimo ukiwa usawa wa moyo na kwenye ngozi, si juu ya shati. Usiongee, wala anayekupima asikuulize habari za watoto. Chukua vipimo viwili vilivyopishana dakika moja, uandike vyote. Mkono ukining'inia au mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono wako, namba itapanda bila sababu. Nyumbani, wastani wa siku kadhaa ukiwa 135/85 au zaidi, peleka daftari kwa mhudumu wa afya. Usianze wala kuacha dawa kwa kipimo cha siku moja.

Chumvi: WHO inataka chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye vyakula vya pakiti. Kosa ninaloona sana ni kusoma "sodiamu" kwenye kibandiko ukadhani ndiyo chumvi. Zidisha sodiamu mara 2.5 upate chumvi. Gramu 2 za sodiamu ni gramu 5 za chumvi tayari.

Na jambo hili halifanywi na mtu mmoja ndani ya nyumba. Ukimpikia mgonjwa sufuria yake peke yake, atakula cha wenzake kufikia siku ya nne. Punguza robo ya chumvi kwa wote, kaeni wiki tatu, punguza tena. Ulimi huzoea, ila ukikata yote siku moja nyumba nzima itakugomea.

JiraniMwema

Nimesubiri tufike kwenye watu. Berkman na Syme walichapisha mwaka 1979 matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 9 watu wazima karibu 7,000 wa Alameda, California. Waliokosa mahusiano ya kijamii walikufa kwa kiwango cha takriban mara mbili au zaidi ya waliokuwa nayo, hata baada ya kuzingatia sigara, unene na mazoezi. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wakakuta wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa asilimia 50. Ni kweli kwamba mgonjwa naye hujitenga, kwa hiyo mshale unakwenda pande zote mbili. Hata hivyo uzito wake ni mkubwa mno kuupuuza. Ripoti ya WHO ya 2025 inakadiria mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke.

Wengi hudhani dawa ni kuwa na marafiki wengi. Sheldon Cohen, katika jaribio la 1997, aliwatilia watu 276 virusi vya mafua puani. Walioshikwa na mafua kwa urahisi walikuwa wale wenye *aina* chache za mahusiano. Yaani ndugu, jirani, mfanyakazi mwenza, mwenzako wa ibada, mwenzako wa mchezo, kila mmoja ni aina yake. Chora safu, andika aina ulizonazo ambazo mmeongea ndani ya wiki mbili zilizopita. Ukikuta zote ni za kazini, ujue siku ya kustaafu utabaki mtupu.

Muda nao una hesabu. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mtu awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Kundi la matembezi la saa mbili kwa wiki linahitaji karibu miaka miwili kuzifikia hizo 200. Wanaoacha baada ya mikutano mitatu wakisema "sijapata mtu" wameondoka kwenye saa ya sita.

Kwa mfiwa au aliyeachwa: wiki za mwanzo nyumba hujaa, kisha ukimya. Weka kwenye kalenda mwezi wa tatu na wa sita. Usimwambie "ukihitaji chochote nipigie", maana hatapiga. Mwambie "Alhamisi saa kumi nakuja, tutatoka kidogo".

Masikio Mawili

Naomba niongezee kitu kinachojificha nyuma ya upweke wa wazee wengi: usikivu. Tume ya jarida la Lancet ya 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa katika dimensia, ule ugonjwa wa kusahau, na kupungua kwa usikivu kumo, sawa na kutengwa. Mambo hayo yote kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya wagonjwa.

Hivi ndivyo linavyoanza. Mzee anapandisha sauti ya redio. Anajibu swali ambalo hukuuliza. Kwenye mazungumzo ya watu watano anatabasamu na kutikisa kichwa, akichelewa kidogo kucheka baada ya wenzake. Mwaka unaofuata anasema amechoka, haji tena. Familia inasema amekuwa mkali au amezeeka, kumbe ni kazi ngumu ya kubahatisha kila neno.

Anza na nta. Mhudumu aangalie sikio kwanza, maana nta iliyoziba huondolewa na siku hiyohiyo mtu anasikia. Vijiti vya pamba vikome, vinaisukuma ndani zaidi. Baada ya hapo kipimo cha usikivu.

Akipewa vifaa vya kusikia, hatari kubwa ni viishie kwenye droo. Siku ya kwanza kila kitu kinapiga kelele: vijiko, karatasi, nyayo zake mwenyewe. Ubongo ulisahau sauti hizo na unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Avae saa mbili au tatu mahali patulivu na mtu mmoja, aongeze kila siku, aende kwenye mkusanyiko baadaye. Vikimwasha sikio au kupiga mluzi, arudi virekebishwe, asiviache.

Na sisi tunaoongea naye: simama mbele yake, mwanga uangukie usoni mwako, si nyuma yako. Usipige kelele, kelele huharibu umbo la maneno. Asiposikia mara ya pili, badili maneno. "Gari la saa ngapi?" ikishindikana, sema "Unaondoka lini?"

Mtembezi

Shukrani nyingi kwenu. Kuna mdau ameniuliza pembeni inachukua siku ngapi zoea kushika. Phillippa Lally na wenzake, London, walipata wastani wa siku 66, lakini kuanzia 18 hadi 254 kutegemea mtu na jambo lenyewe. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Lifunge zoea kwenye jambo lisilokosekana: baada ya mswaki wa asubuhi, kiti mara 8.

Ameuliza pia kuhusu mzazi anayekataa kabisa kutoka nje.

JiraniMwema

@Mtembezi kwa huyo mzazi, acha kumwalika kwa ajili ya afya yake. Mwombe kazi: anisindikize nikapeleke mzigo huu, anionyeshe njia, anishikie orodha. Safari ya kwanza isizidi dakika kumi, na pawe na pa kukaa katikati ya njia. Kapaangalie wewe kwanza siku moja kabla, maana wengi wanaokataa kutoka wanaogopa kuchoka mbele za watu, au kukosa choo. Ukishajua viti viko wapi na choo kiko wapi, mwambie hayo kabla hamjafungua mlango.