Jumanne Kuu ya Marekani: kura yangu ilihesabiwa, kazi haikufanya

Wakuu,

Naishi Minnesota, nimeshaapa uraia, kodi nalipa, kwa hiyo asije mtu hapa na "wewe mgeni unalalamikia nini". Nalalamikia Jumanne Kuu, ile siku moja ambayo majimbo kumi na kitu yanapiga kwa mpigo kura za mchujo za kutafuta mgombea urais wa kila chama, Democrats na Republican. Nimelinyamazia jambo hili tangu 2020 na kila nikilikumbuka damu inachemka upya.

Turudi 2020. Hapa kwetu ilikuwa mara ya kwanza tangu 1992 kupata mchujo wa urais wa kuingia kituoni na karatasi ya kura. Kabla ya hapo ilikuwa mikutano ya vyama ya jioni moja, na ya 2016 ilifurika watu mpaka foleni zikatoka nje ya milango. Basi tukafurahi. Kura za mapema zikafunguliwa tarehe 17 Januari, wakati hata jimbo la Iowa, ambao ndio walikuwa wakitangulia kwenye mchujo, walikuwa bado. Sasa sisi wengine tunafanya kazi za zamu kwenye nyumba za wazee na mahospitali, Jumanne ya Machi 3 hujui itakukuta wapi. Ukipewa nafasi ya kupiga mapema, unapiga. Nikapiga.

(Kwanza uliambiwa useme unataka karatasi ya chama gani, halafu jina lako na chama ulichotaja vikapelekwa kwa viongozi wa vyama. Mtu aliyekulia kwetu Tanzania akisikia hivyo anaangalia nyuma kwanza. Na mwaka ule karatasi ya Republican hapa ilikuwa na jina moja tu, Trump. Mchujo wa mtu mmoja! Lakini hilo liacheni.)

Jumamosi ya Februari 29 Biden akashinda mchujo wa Democrats wa South Carolina. Jumapili usiku mpinzani wake Pete Buttigieg akajitoa. Jumatatu mpinzani mwingine, Amy Klobuchar, akajitoa, seneta wetu wenyewe, wa Minnesota hii hii, na siku hiyo hiyo wote wawili wakawa Dallas wanamuunga mkono Biden. Kulipokucha, ndiyo siku ya kura. Mimi nilikuwa nimempigia mmoja wa hao wawili. Yupi, haiwahusu.

Ugomvi wangu si na wao. Mgombea ana haki ya kujitoa, na kisiasa walicheza vizuri. Ugomvi wangu ni na utaratibu. Sheria ya hapa wakati ule ilikuruhusu kufuta kura ya mapema na kupiga upya mpaka wiki moja kabla ya siku yenyewe, basi. Baada ya hapo mlango umefungwa. Mgombea anaweza kubadili mawazo saa 24 kabla ya vituo kufunguliwa, mpiga kura hawezi. Nani alikaa mezani akaona hii ni sawa?

Nikapiga simu kuuliza. Mtu aliyepokea, kwa ule upole wao, akanijibu kwamba nisiwe na wasiwasi, kura yangu imehesabiwa. Kumbe! Maiti nazo huhesabiwa.

Na msidhani nilikuwa peke yangu. Klobuchar, aliyekwisha kujitoa, alipata zaidi ya asilimia 5 ya kura za Democrats hapa. Nendeni California, kura za mapema zilianza Februari 3, siku ile ile Iowa inakutana: Buttigieg alipata karibu kura laki mbili na nusu kwenye jimbo hilo moja, akiwa ameshaaga. Ongezeni na kanuni ya Democrats kwamba mgombea asiyefikisha asilimia 15 hapati wajumbe, yaani wale wanaokwenda kumpitisha mgombea wa chama. Kwa hiyo kura hizo hazikumpa aliyepigiwa mjumbe hata mmoja, na hazikuruhusiwa kwenda kwa mwingine. Zilibaki tu pale kwenye jedwali la matokeo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo, na ipo hapa hapa mtaani. Minneapolis wanachagua meya tangu 2009 kwa kupanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wako wa kwanza akitolewa, kura inahamia kwa wa pili. St. Paul nao wanafanya hivyo hivyo. Maine wameingiza utaratibu huo kwenye mchujo wa urais kuanzia 2024, nao wamo kwenye Jumanne Kuu hiyo hiyo. Yaani mimi naruhusiwa kutaja chaguo la pili kwenye nafasi ya diwani, lakini kwenye urais wa Marekani naambiwa chagua mmoja na uombe Mungu asijitoe.

Historia yake nayo inachekesha. Jumanne Kuu kubwa ya kwanza, Machi 8, 1988, ilipangwa na wanasiasa wa Democrats wa majimbo ya Kusini. Walichoka kuona chama kinapeleka wagombea wa mrengo wa kushoto wanaopigwa, wakasema tupige kura siku moja, tutoe mtu wa wastani anayeuzika Kusini. Kilichotokea? Al Gore na Jesse Jackson wakagawana Kusini, Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, akachukua Texas na Florida, akapata tiketi, na Novemba akalambwa na Bush mzee wa Republican kwenye majimbo 40. Mpango ulifeli siku ya kwanza! Badala ya kuuacha mpango huo wakaongeza majimbo. 2008 yalifika zaidi ya 20 siku moja, Februari 5, kwa sababu kila jimbo linaogopa kuachwa nyuma. Michigan na Florida walijipenyeza mbele zaidi ya hapo, wakaadhibiwa na chama kwa wajumbe wao.

Na majimbo mengi siku moja maana yake ni hela. Mgombea hawezi kufika California, Texas, Maine na Minnesota ndani ya siku tatu. Atakayeonekana ni mwenye matangazo ya televisheni. Nakubali, bilionea Michael Bloomberg, mgombea wa Democrats, alimwaga zaidi ya dola milioni 500 mwaka ule akaambulia ushindi Samoa ya Marekani tu, kwa hiyo hela peke yake haitoshi. Lakini asiye nayo kabisa hata kuonja haonji. Na mwaka huo huo Houston, Texas, kuna waliosimama foleni mpaka saa saba usiku ikapita ndipo wakapiga kura. Siku iliyosifiwa kwamba inawapa watu wengi sauti!

2024 sitaki hata kuirefusha. Majimbo 15 Machi 5, kesho yake Nikki Haley, mpinzani wa Trump ndani ya Republican, akafunga virago, Machi 12 Biden na Trump wote wakawa na wajumbe wa kutosha. Pennsylvania walikuwa hawajapiga mpaka Aprili, New Jersey mpaka Juni. Walipiga za nini? Halafu Julai 21 Biden mwenyewe akajitoa, na makamu wake Kamala Harris akapitishwa na wajumbe bila mchujo. Kwenye ule mchujo wa Machi, hapa Minnesota karibu watu 19 katika kila 100 waliopiga kura ya Democrats walichagua "hakuna niliyemchagua" kwa hasira ya Gaza. Hao angalau walijua wanachofanya na karatasi yao.

Najua mtakavyonijibu. "Mkuu shukuru, sisi Tanzania mkutano mkuu wa CCM Dodoma Januari 2025 ulishamaliza kila kitu." Sawa, na ule msemo wa kura za maoni za CCM za 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri naukumbuka, tulicheka wote. Lakini ubaya wa wajumbe wa kwetu hauifanyi kura yangu ya huku ifufuke. Hayo ni malalamiko mawili, fungueni uzi wenu nitakuja kuchangia.

Ninachotaka hapa ni kusikia kutoka kwa walioko majimbo mengine ya siku hiyo: Texas, California, Colorado, North Carolina. Je, kwenu mkishapiga mapema mnaruhusiwa kuifuta kura? Mpaka lini? Na kuna yeyote ambaye mbunge wake wa jimbo amewahi kupeleka muswada wa kupanga wagombea kwa namba kwenye mchujo wa urais? Wa kwangu nimemwandikia barua pepe, na jibu lililokuja ni la kunishukuru kwa kushiriki demokrasia.